Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi Kuhusu Askari Wetu wa Semuliki na Raia wa Beni

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: HAKI KWA ASKARI WETU WALIOUAWA SEMULIKI NA KWA RAIA WALIOKUWA WAKILINDWA NAO

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Songea, na sina cheo chochote kinachoniwezesha kuonana nawe ana kwa ana. Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani, ili barua hii isomwe nawe na isomwe pia na familia ambazo jambo hili linazihusu kuliko linavyonihusu mimi.

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wa JWTZ waliokuwa katika ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ilishambuliwa karibu na daraja la mto Semuliki, kwenye barabara itokayo Mbau kwenda Kamango, wilayani Beni, katika jimbo la Kivu Kaskazini. Kwanza tulitangaziwa kwamba vijana wetu 14 wameuawa. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa, ulioongozwa na Dmitry Titov, ulipotoa matokeo yake Machi 2018, hesabu ilikuwa imefika 15, majeruhi 43, na askari mmoja alikuwa bado hajulikani alipo. Wachunguzi walisema ushahidi wote uliopatikana unaelekeza kwa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja shambulio hilo kuwa baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani wa Umoja huo katika miaka ya karibuni, akasema ni uhalifu wa kivita, na akaitaka serikali ya Kongo iwasake wahusika na kuwafikisha mahakamani upesi.

Miili ilipofika nyumbani, taifa liliiaga kwa heshima zote: majeneza yaliyofunikwa bendera, viongozi wakuu wamesimama mbele yake, wake na wazazi wameshikwa mikono. Wengine walivushwa bahari kwenda kupumzishwa Zanzibar. Sina neno juu ya heshima zile, zilifanyika inavyopasa. Lakini msiba wa mtu aliyeuawa hauishi siku ya kuanua matanga. Hata kijijini, wageni wakishatawanyika na turubai likishakunjwa, wazee hubaki wamekaa na kuulizana ni nani aliyefanya kitendo kile na yuko wapi. Swali hilo ndilo ninalolileta kwako, kwa kuwa kwa waliouawa Semuliki, baba wa nyumba ni Serikali.

Nieleze kwa nini linanikereketa mwalimu wa Songea. Kwa miaka mingi nilikuwa nawapeleka wanafunzi wangu katika Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Nilikuwa nawafundisha kuyasoma majina polepole, jina moja baada ya jingine, kwa sauti. Karibu kila mwaka alitokea mtoto wa kuuliza: "Mwalimu, waliowanyonga waliadhibiwa?" Nilimjibu ukweli, kwamba hawakuadhibiwa, na kwamba wote walikwisha kufa kabla babu yake hajapata kuuliza. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea akaomba msamaha mbele ya wazao wa wale waliouawa. Nilishukuru kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, msamaha ule ulichukua miaka 117, na sitaki mwalimu mwingine, miaka mia moja ijayo, asimame mbele ya watoto na kuwaeleza kuhusu Semuliki maneno niliyolazimika kuwaeleza wangu kuhusu Majimaji.

Mheshimiwa Waziri, askari hawa hawakwenda Kongo kujitafutia riziki. Walikuwa katika brigedi iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Machi 2013, ikiunganisha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ilipewa ruhusa ambayo majeshi ya kulinda amani kwa kawaida hayapewi, ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyanyang'anya uwezo wa kuua. Ruhusa hiyo iliwaweka mbele kuliko walinda amani wengine, na waliokaa mbele walilipa.

Na waliokuwa nyuma yao ni akina nani? Ni wakulima wa Beni, wenye mashamba ya kakao na mihogo, ambao tangu Oktoba 2014 wamekuwa wakiuawa kwa mapanga na mashoka, mara nyingi usiku, mara nyingine wakiwa njiani kutoka shambani. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa huko Kongo ilihesabu raia wasiopungua 237 waliouawa katika miezi mitatu tu, kuanzia Oktoba hadi Desemba 2014. Agosti 2016 mtaa wa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe wa Beni, ulivamiwa na watu kwa makumi wakachinjwa usiku mmoja. Watu hao wanazungumza Kiswahili. Kina ladha yake, lakini mama wa Beni akilia na kuomba msaada, kijana wa kutoka Tandahimba au Chake Chake anamwelewa bila mkalimani. Nadhani hatujalitafakari jambo hili vya kutosha: askari wetu walikuwa wakilinda watu waliowaita kwa lugha ya mama zao.

Kwa hiyo ninapoomba haki, siwezi kuwatenga wafu wetu na wale wa Beni. Mkono unaotuhumiwa kuwaua ni uleule, na kesi inapaswa kuwa ileile. Ingekuwa aibu kwetu kudai kichwa cha aliyemuua mwenye sare tukamsahau mwenye jembe.

Nchi yetu ina sababu ya pekee ya kuzungumza kwa sauti katika jambo hili. Jamil Mukulu, mwanzilishi wa ADF, alikamatwa hapa Tanzania mwaka 2015, na Julai mwaka huohuo tukamkabidhi kwa Uganda. Kundi lake ndilo linalotuhumiwa kuwachoma moto wanafunzi wapatao 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, magharibi mwa Uganda, Juni 1998, na baada yake wafuasi wake wakashambulia shule ya Mpondwe, mpakani, Juni 2023, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Tulimkamata na kumkabidhi kwa utaratibu wa sheria, jambo ninalojivunia kama raia. Ila miaka ikapita mmoja baada ya mwingine huku kesi ikijikokota katika hatua za awali. Aliyemkamata mhalifu na kumkabidhi kwa jirani ana haki ya kumuuliza jirani kwa adabu: shauri lile limefika wapi? Tena ana haki ya kuuliza kwa niaba ya Semuliki, ingawa Mukulu alikwisha kuwa mahabusu siku kambi iliposhambuliwa, kwa sababu kesi hiyo inaweza kutoa mwanga juu ya fedha, silaha na mitandao iliyolijenga kundi.

Zipo sauti zinazosema kwamba Kongo ni nchi yenye vita na haki haiwezekani huko. Siwezi kukubali. Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la Kongo, ambaye wananchi wa Goma walimpenda mno, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na kabla mwaka haujaisha mahakama ya kijeshi ilikwisha kuketi hapohapo Beni, ikasikiliza mashahidi na kutoa hukumu. Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Zaida Catalán wa Sweden na Michael Sharp wa Marekani, waliuawa Kasai. Umoja wa Mataifa uliwatuma watu wake kuisaidia mahakama ya Kongo, nchi zao hazikuacha kuulizia, na Januari 2022 mahakama ya Kananga iliwatia hatiani watu kwa makumi. Kesi hiyo ilikuwa na kasoro zake, na adhabu ya kifo iliyotolewa kwa wengi si jambo ninaloliunga mkono. Hata hivyo ilisikilizwa, kwa sababu kulikuwa na mwenye kuuliza. Mwaka uleule wa 2017, katika nchi ileile, waliuawa vijana wetu 15. Je, damu yao ina mwenye kuiulizia?

Sheria nazo zipo. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unahesabu kushambulia walinda amani kwa makusudi kuwa uhalifu wa kivita, na Tanzania, Uganda na Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo. Agosti 2021 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2589, linalozitaka nchi zinazopokea walinda amani kuwafikisha mbele ya sheria wanaowaua, na kumtaka Katibu Mkuu aweke kumbukumbu za kesi hizo ili hatua zake zifuatiliwe. Sisi wenyewe tuna sheria ya kusaidiana na nchi nyingine katika mashauri ya jinai tangu mwaka 1991. Kinachohitajika ni barua rasmi kutoka kwetu, ikifuatiwa na nyingine, na nyingine, mpaka jibu lipatikane.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la ushahidi, kwa kuwa hapo ndipo muda unapotudhulumu. Mashahidi wakubwa wa Semuliki hawako Kongo. Wako hapa kwetu: askari waliojeruhiwa, waliolala kwenye mahandaki usiku ule wakisubiri msaada, waliosikia sauti za waliowashambulia na lugha walizozungumza, walioona silaha na sare. Wengine wamestaafu na kurudi vijijini kwao. Wengine, bila shaka, hawapendi tena kulizungumza jambo lile, na hakuna wa kuwalaumu. Kila mwaka unaopita kumbukumbu inafifia, majeraha yanazeeka, na shahidi mmojammoja anatutoka. Je, maelezo yao yamechukuliwa kwa kiapo, kwa namna ambayo mahakama ya kiraia au ya kijeshi inaweza kuyapokea, au yamebaki katika taarifa za ndani za kijeshi? Kama bado, wanasheria wa jeshi na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wanaweza kuianza kazi hiyo bila kuvuka mpaka wowote. MONUSCO nayo ilikwisha kuanza kupunguza shughuli zake; iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024, na ujumbe unapofungasha, watu waliokuwepo hutawanyika na mafaili huhamishiwa mbali.

Liko pia suala ambalo ni gumu kulisema, nami nalisema kwa heshima. Uchunguzi wa Titov haukuishia kwa wauaji. Ulitaja kwamba MONUSCO haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea askari wake msaada au kuwaokoa, na kwamba kulikuwa na upungufu katika uongozi, mafunzo, usafiri wa anga, uhandisi na upatikanaji wa taarifa za kiintelijensia. Mzazi aliyempoteza mwanawe ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni lipi kati ya hayo limerekebishwa kabla mtoto wa jirani yake hajapandishwa ndege kwenda huko huko.

Novemba 2018, chini ya mwaka mmoja baada ya Semuliki, askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimwokoa Mtanzania aliyejeruhiwa katika mapigano dhidi ya ADF huko Beni, akampeleka mahali salama, kisha yeye mwenyewe akauawa. Umoja wa Mataifa ulimtunuku nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994 kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Ningependa watoto wa Tanzania wamjue Chitete kama wanavyowajua mashujaa wao, maana yupo Mtanzania aliyerudi nyumbani kwa sababu yake.

Na ningependa wayajue majina ya wa Semuliki. Ninaomba yaandikwe, pamoja na ya wale saba waliouawa Darfur Julai 2013, mahali ambapo mwananchi anaweza kufika na kuyasoma bila kibali cha kuingia kambini, na yasomwe kwa sauti kila tarehe 25 Julai tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa.

Mheshimiwa Waziri, ombi langu kuu ni kwamba kabla ya tarehe 7 Desemba ijayo familia za marehemu ziitwe na zielezwe mambo haya: Serikali imeiuliza nini Kinshasa, imejibiwa nini, maelezo ya manusura yamehifadhiwa wapi, na ni afisa gani ambaye familia zinaweza kumpigia simu kuulizia shauri la mtoto wao. Na ile familia ambayo kijana wao alitajwa kuwa hajulikani alipo iitwe peke yake, ikalishwe, ielezwe kila kilichofanyika kumtafuta.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Songea, Ruvuma.