Kuhusu ndago katika ukoka wako

Isevya, Tabora
18 Agosti

Rafiki yangu mpendwa Zuhura,

Barua yako niliipokea juzi, nikafurahi kusikia kwamba huko Ujiji nyote hamjambo na kwamba mama ameshapata nafuu. Sisi ni wazima, tukiacha vumbi la kiangazi ambalo unalijua. Umeniuliza iwapo ununue dawa ya kuua magugu kwa ajili ya ukoka wa mbele ya nyumba kabla mvua hazijaanza. Ningekuomba usiinunue.

Mmea uliouelezea, wenye majani membamba yanayong'aa, unaoupita ukoka kwa urefu siku chache tu baada ya kufyeka, na ambao shina lake ukilipapasa lina pembe tatu, ni ndago. Ndago si jamii ya nyasi ingawa inafanana nazo. Dawa za kuua magugu ya majani mapana haziiwezi, na zile za glaifoseti, zinazoua karibu kila kilicho kijani, zitauchukua ukoka pamoja nayo, nawe utabaki na uwanja mtupu ambao ndago inaupenda kuliko mahali pengine popote. Tena kuku wako hushinda hapo hapo, na kisima kiko hatua chache.

Lakini usikimbilie jembe pia, kama nilivyofanya mimi. Desemba ya mwaka juzi, katikati ya mvua, nililima kipande kizima mpaka nikaridhika, na baada ya wiki tatu ndago ikarudi nyingi kuliko mwanzo. Sikujua kwamba chini ya ardhi viazi vyake vidogo vyeusi vimeunganishwa kwa vikamba vyembamba, mfano wa shanga kwenye uzi, na kwamba vingi kati yake hulala tu maadamu uzi haujakatika. Jembe lilipoukata, kila kilicholala kiliamka na kutoa mche wake. Mvua ikavipa maji, mimi nikavipa nafasi.

Kinachoviua ni kukauka, na jua la Agosti tunalipata bure. Chagua sehemu zilizovamiwa sana peke yake, uzichimbe kwa jembe uma hadi kina cha sentimita 15 au 20, ambako viazi vingi hukaa, ukiinua udongo na kuupukutisha badala ya kuukatakata. Okota unavyoviona, kisha acha udongo wazi juani na uugeuze kila wiki hadi mvua zikaribie. Udongo mzito utataka kugeuzwa mara nyingi zaidi kuliko huu wetu wa kichanga. Usimwagie maji hata kidogo, ijapokuwa utauonea huruma ukoka wa pembeni, kwa maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi. Viazi ulivyookota usivitie kwenye mboji. Vianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa.

Mvua zikishashika, panda vipande vya ukoka karibu karibu ili vifunike ardhi upesi, na ukifyeka uache urefu wa vidole vitatu hivi, kwa sababu ndago hudhoofika kivulini, ilhali uwanja ulionyolewa hadi udongo ukaonekana huipa jua lote. (Inanichekesha kwamba ukoka huu tunaoubembeleza nyumbani ndio tunaoulaani shambani.) Mche mpya wa ndago ung'oe pamoja na kiazi chake mara uuonapo, kwani ndani ya wiki chache tu utakuwa umeanza kutengeneza vingine.

Mbigili na kishona nguo ni kazi nyepesi: vitoe kwa mkono udongo ukiwa na unyevu, kabla havijatoa mbegu. Samadi mbichi usiiweke, kwa sababu mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Maji ya moto yanafaa kati ya mawe ya njia tu, na chumvi usiiguse, maana itaharibu udongo wenyewe.

Mungu akipenda nitakuja kwa treni mwezi wa Novemba, nikuletee asali na mfuko wa vipande vya ukoka. Nitavikagua mizizi kimoja kimoja kabla ya kuvifunga, kwa kuwa ndago yangu mimi iliingia humu uani ndani ya ukoka niliopewa zawadi.

Nisalimie mama na watoto.

Wako daima,
Mwajuma