Barua kwa mwanangu aliye Reno, Marekani

Goma, tarehe 2 Machi 2024

Mwanangu mpendwa,

Tumesikia redioni kwamba barabara kuu namba 80, ile unayoipita kwenda kazini Truckee, imefungwa hapo Donner Pass kwa sababu ya theluji, na kwamba upepo wa vilele vya Sierra Nevada unapita kilomita 160 kwa saa. Mama yako ameshika simu tangu alfajiri, nawe hujibu.

Baridi hainitishi sana, blanketi unazo. Ninachokiogopa ni bomba la moshi la gari lako. Theluji inayosukumwa na upepo hulundikana kando ya gari hadi ikaliziba bomba hilo, na mtu aliyewasha injini ili apate joto huvuta gesi isiyo na rangi wala harufu, akasinzia asiamke tena. Ukikwama, fukua kwanza pande zote za bomba, ndipo uwashe injini kwa dakika kama kumi, dirisha lisilopigwa na upepo likiwa wazi kidogo. Ukitaka kuiwasha tena, shuka ulikague bomba upya, wala usiende mbali na gari.

Wewe ni mtoto wa Goma, mazuku unayajua, ile gesi ya sumu itokayo ardhini. Wale mbuzi wawili tuliowakuta bondeni wamenyoosha miguu, majani yakingali midomoni, nilikulaumu wewe uliyewafunga. Lakini jirani alikuwa amenionya mimi jioni ile, nami sikukuambia. Mazuku hulala chini, hata mtu aliyesimama huweza kupona. Hiyo gesi ya gari hujaa ndani kote, kwa hiyo kuinua kichwa hakusaidii.

Najivunia kazi yako, ingawa zamu ya usiku uliikubali bila kuniuliza. Fedha ulizotuma zimenunua mabati ya jikoni, na fundi amebakiza upande wa tangi. Makaa na maharagwe vimepanda bei tangu njia ya Sake ikatike kwa vita, basi tunapika mara moja kwa siku. Dada yako amelipiwa shule hadi Pasaka.

Sepetu iwe ndani ya gari, si nyuma kwenye buti ambako mlango utagandishwa. Na bomba, mwanangu, ulitazame kila mara kabla ya injini. Hata kwetu kukiwa usiku wa manane, piga simu. Mama yako hataizima.

Baba yako