Majibu ya kipimo cha saratani yaelezwe

Mhariri,

Baba yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya kongosho. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipewa karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne: CA 19-9, yaani kemikali inayopimwa kwenye damu ili kufuatilia saratani hiyo, na tarakimu iliyozungushiwa wino mwekundu. Hakuna aliyetueleza maana yake. Tulikesha tukiikodolea macho.

Kiwango cha kawaida ni chini ya yuniti 37 kwa mililita. Kikishuka hadi hapo baada ya uvimbe kuondolewa, matumaini ya kuishi muda mrefu huongezeka. Kikibaki juu, hasa kikipita 180, hali huwa ya kutia wasiwasi. Lakini njia ya nyongo ikiziba, macho yakawa ya manjano, kipimo hupanda chenyewe. Na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kemikali hiyo, na sisi wenye asili ya Afrika tumo kwa wingi zaidi. Kwao jibu la chini halithibitishi lolote.

Nawasihi madaktari wetu: pimeni kabla na baada ya upasuaji, kisha ketini na familia dakika kumi tu, muwasomee karatasi hiyo.

Msomaji wako,
Tanga