Mama, waambie bado niko kwenye dawa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia mnawaambia watu nimepona. Naelewa furaha yenu, maana kikohozi kimepungua na sauti yangu imerudi. Lakini sijapona, Mama. Saratani iliyoanzia kwenye pafu ikafika mifupani imenywea tu. Kinachoituliza ni osimertinibu, kidonge kimoja cha miligramu 80 kila siku, na sithubutu kukiacha.

Madaktari walipima kipande cha uvimbe wakakuta hitilafu kwenye jeni iitwayo EGFR. Ni kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa: seli zinaamrishwa kugawanyika bila kukoma, na kidonge hiki huizima. Ndiyo maana sikuanzishiwa kemotherapi. Waambie wadogo zangu wasiogope. Kwa kawaida hitilafu hii huzuka ndani ya uvimbe wenyewe, hairithiwi kwako wala kwa marehemu Baba. Huwapata wengi ambao, kama mimi, hawajawahi kuvuta sigara. Hao wanaonong'ona kwamba nilikuwa navuta kwa siri wananiumiza sana.

Ngozi inakauka, upele hunitoka usoni, tumbo huharisha siku nyingine, na kingo za kucha zimevimba hata kufunga vifungo vya shati ni kazi. Hayo nayavumilia. Kinachoninyima usingizi ni kusubiri majibu ya CT skani, zile picha za ndani ya mwili, kwa sababu saratani hii hatimaye hupata njia ya kuikwepa dawa. Katika utafiti mkubwa wa dawa hii uliotangazwa 2017, nusu ya wagonjwa walioitumia walikaa takriban miezi 19 au zaidi kabla ugonjwa haujaanza kukua tena. Zamu yangu ikifika, watapima upya damu au uvimbe, watafute dawa nyingine, pengine kemotherapi. Siku hiyo msiseme dawa ilinidanganya. Huu muda iliyonipa ni wa kweli, na ninauishi.

Shangazi mshukuru sana kwa dawa ya mimea aliyotaka kunitumia, ila sitaitumia. Ipo mimea inayolifanya ini livunjevunje dawa yangu upesi, ikapungua nguvu mwilini. Chochote kipya lazima daktari wangu akione kwanza.

Tarehe ya harusi ya mdogo wangu msiibadilishe kwa ajili yangu. Daktari ameniruhusu kusafiri, vidonge nitavibeba kwenye mkoba wa mkononi. Niwekeeni kiti karibu nawe.

Mwanao akupendaye