Shukrani za familia yetu, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani.

Alhamdulillahi, Mama ametoka hospitali, yuko nyumbani. Siku 11 alizolazwa hatukuachwa peke yetu hata usiku mmoja, nasi hatuwezi kunyamaza.

Wengi mnamjua kwa vitumbua vyake. Zaidi ya miaka 30 ameamka saa kumi alfajiri kuwasha kuni, na daktari anasema ni moshi ule uliomharibu mapafu. Sigara hajapata kuishika. Maradhi ni ya siku nyingi, ila safari hii kifua kilimbana, makohozi yakabadilika rangi, ikawa kutamka maneno matatu ni mpaka atwete.

Madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, Mola awalipe. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hatutamsahau. Tuliona kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni ya damuni, kimesimama kwenye asilimia 90, tukamsihi aongeze oksijeni. Akavuta kiti, akatueleza taratibu kwamba kwa mapafu kama ya Mama wanataka ibaki kati ya 88 na 92, kwani hewa ikizidishwa nayo inaweza kumdhuru. Ndipo tulipopata usingizi.

Mliokesha, mliopika uji, mama zetu wadogo mliotoka Pangani na Muheza, vijana wa bodaboda mliokataa nauli, nyote mliochanga mpaka ikapatikana mashine ya oksijeni ya nyumbani: ahsanteni sana. Mashine hiyo inataka umeme usiku na mchana, na yupo anayetutumia namba za LUKU bila kujitaja. Popote ulipo, Mama anakuombea kila baada ya swala.

Na jirani yetu wa ukuta mmoja. Jiko lake la kuni lilikuwa chini ya dirisha la Mama. Siku tuliyomrudisha tulikuta limehamishiwa mwisho wa ua, majivu yamezolewa, pamemwagiwa maji. Hakutwambia neno. Mama alisimama pale akapatazama, machozi yakamtoka.

Mkitaka kumjulia hali, karibuni baada ya alasiri, wawili wawili. Tunawaomba siku hiyo msijifukize udi wala ubani, kifua chake hakihimili. Na ambao hatujawapigia simu, tuwieni radhi, tutawafikia.

Watoto na wajukuu