Barua ya wazi kwa madijei wetu: uacheni wimbo ufike upande wa pili

Wajukuu zangu mnaopiga muziki katika kumbi za harusi, kipaimara na mahafali,

Marahaba, ingawa najua hamjaniamkia bado.

Mimi ni mstaafu wa reli, mzaliwa wa hapa hapa Morogoro, na miaka yangu sabini na ushei inanipa ruhusa ya kuwaandikia bila kubisha hodi mara tatu. Kazi yenu naiheshimu. Nimewaona mkishusha maspika mvua ikinyesha, nimewaona mkila wali uliopoa saa nane ya usiku baada ya wageni wote kushiba, na ninajua kwamba mwenye sherehe huwakumbuka sana siku ya kuwakodi na huwasahau siku ya kumalizia malipo. Kwa hiyo msinisome kama mzee aliyekuja kulalamikia kelele. Juu ya kelele ninayo ya kusema, lakini hayo tuyaache. Nina ombi moja tu, nalo linahusu zile nyimbo mnazoziita zilipendwa, kana kwamba sisi tuliozipenda tumekwisha kuzikwa: mkishaamua kuupiga wimbo, uacheni ufike mwisho.

Desemba iliyopita tulimwoza mjukuu wangu. Yeye mwenyewe, bila kuniambia, alikuwa amemwomba kijana wa muziki aupige wimbo mmoja wa Morogoro Jazz ambao watu wote wa nyumbani kwangu wanajua kuwa ni wangu na marehemu bibi yake. Magitaa yalipoanza nilikuwa nimeshika kijiko. Nilikiweka chini, bibi harusi akanifuata mezani akaninyanyua, tukaingia uwanjani polepole, yeye akiwa ameikunja shela mkononi asije akaikanyaga, mimi nikiutafuta mguu wangu wa kushoto ambao siku hizi ukiitwa hauji haraka. Tulicheza dakika mbili, labda na nusu. Mwimbaji ndiyo kwanza alikuwa amemaliza ubeti wake na magitaa yanajiandaa kuchemka, mara ikalia honi, ukumbi ukapiga yowe, singeli ikaingia kwa kasi yake. Wageni walifurahi sana. Mjukuu alinitazama, nami nikamtazama, nikarudi kwenye wali wangu. Kijana yule simlaumu, kwa sababu alifanya kama alivyofundishwa: onjesha, kata, weka nyingine. Wala hakuwa na namna ya kujua kwamba alikata pale pale ambapo mimi, miaka zaidi ya hamsini iliyopita, nilipata mke.

Niwaeleze. Wimbo wa dansi wa wakati wetu ulijengwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kisa: mwimbaji anasimulia shida yake, wenzake wanamwitikia, na kwenye bendi zenye wapulizaji tarumbeta na saksafoni zinaingia katikati kama watu wa barazani wanaomuunga mkono msemaji. Ya pili ndiyo chemko, ambapo maneno yanapungua, gitaa la solo linaachiwa lijieleze, rithim na besi zinalishikilia kwa chini, tumba zinaongeza mwendo, na mchezaji anaonyesha kile alichotoka nacho nyumbani. Wimbo wa namna hiyo ulikuwa mrefu, na santuri ndogo haikuweza kuubeba kwa upande mmoja. Kwa hiyo waliozichapa santuri hizo kule Nairobi waliugawa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sehemu ya kwanza ikiisha, mwenye gramafoni aliinua mkono wa sindano, akaigeuza santuri, akaipuliza vumbi, kisha akairudisha sindano taratibu. Kazi hiyo ilichukua nusu dakika, kama mikono yake haitetemeki. Na katika nusu dakika hiyo hakuna aliyekwenda kuketi. Watu walibaki pale pale sakafuni, wawili wawili, kimya, wakiungoja upande wa pili.

Mwaka 1972, Jumapili moja mchana, nilikuwa nyumbani kwa mjomba wangu huku huku Mji Mpya, katika chumba cha watu sita tulimoingia watu kumi na wawili. Gramafoni ya betri ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Mimi nilikuwa na suruali ya pekosi niliyoazima kwa rafiki, na viatu vyangu mwenyewe vya raizoni, vipya, vilivyonibana hata nikawa natembea kama bata. Wakati huo nilikuwa karani wa mizigo stesheni, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, na msichana niliyecheza naye sehemu ya kwanza nilikuwa nikimwona dirishani kwangu akija kuchukua mizigo ya baba yake, maneno pekee niliyowahi kumwambia ni “tia sahihi hapa.” Sehemu ya kwanza ikaisha. Mjomba akainama kuigeuza santuri. Kimya kile kilinielemea, nikasema neno la kwanza lililonijia kinywani: “Lile gunia la mchele lilifika salama?” Akacheka. “Lilipungua,” akasema, “na karani aliyelipima ni wewe.” Sindano ikashuka.

Tulioana mwaka 1974, na katika miaka yote arobaini na mitatu tuliyoishi pamoja deni la mchele ule halikulipika.

Jina la wimbo sitalitaja. Nikilitaja, mzee mwingine atainuka kusema upo mzuri kuliko huo, na tutaacha jambo lililonileta. Hapa Morogoro peke yake palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965 nikiwa bado mtoto wa shule, na palikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambao mwaka 1970 walipiga muziki hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Kaka zetu walikuwa wa Cuban, sisi wadogo tulikuwa wa Moro Jazz, na nyumba moja ilikuwa na kambi mbili ambazo hazikupeana kibiriti. Ukienda Dar es Salaam ulikuta Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo na Chakachua yao, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi na Msondo yao, na kuanzia mwaka 1978 Mlimani Park na Sikinde yao, ambao ubishi wao na Msondo umewavunjia watu urafiki kama ule wa Simba na Yanga.

Nawatajia majina haya kwa sababu nyinyi hamyataji. Wengi wa wanamuziki hao walikuwa waajiriwa: vyombo vilikuwa mali ya shirika, mshahara ulikuja mwisho wa mwezi, na mtu akihama bendi aliondoka na sauti yake tu, gitaa likabaki. Nyimbo zao nyingi zilirekodiwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa mkupuo mmoja, na mtangazaji alipozirusha hewani alisema jina la wimbo, bendi na mtunzi. Hicho ndicho kilichobaki chao. Kukitaja kunachukua sekunde sita, nami nimewasikia mkitumia muda mrefu kuliko huo kujitaja nyinyi wenyewe katikati ya sauti ya Marijani Rajab.

Redio ilikuwa hiyo moja ya taifa, na usiku ungeweza kutoka stesheni hadi nyumbani bila kukosa mstari wa wimbo, maana kila dirisha lilikuwa na idhaa ile ile. Tulikuwa tukituma kadi za salamu, tukiorodhesha ndugu na marafiki na kumalizia kwa ujumbe wa busara ambao hatukuufuata. Mimi niliwahi kungoja kadi yangu isomwe kwa miezi kadhaa, na siku iliposomwa nilikuwa msalani. Nilihadithiwa na jirani.

Narudi kwenye santuri. Mjomba alitupatia iwe zawadi ya harusi. Mwaka 1978 mtoto wetu wa kwanza, akiwa na miaka miwili, aliuvuta mkono wa gramafoni, sindano ikachora mstari upande wa pili. Kununua nyingine haikuwezekana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla, sisi wa reli tumekwisha kutenganishwa na wenzetu wa Kenya, na mpaka ulikuwa umefungwa. Haukufunguliwa hadi 1983. Tukaizoea santuri kama ilivyo. Ndani ya chemko sindano hufika kwenye mkwaruzo, huruka, gitaa likarudia pigo lile lile mara mbili, kisha likaendelea na safari. Mke wangu aliuingiza mruko ule katika uchezaji wake: akifika pale alisita hatua moja, bega likashuka kidogo, halafu akaondoka tena. Asiyejua alidhani ni mtindo mpya kutoka Dar es Salaam, na wapo waliouiga.

Mwishoni mwa mwaka huo huo vita vya Kagera vikaanza na mdogo wangu akapelekwa mstari wa mbele. Januari 1979 Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Barua ya kwanza tuliyoipata kutoka kwa mdogo wangu haikusema bunduki wala Idi Amin. Iliuliza kama ni kweli Mbaraka amekufa, au ni maneno ya askari tu. Alirudi mzima, tunamshukuru Mungu. Zile nyimbo za vita zilizokuwa zikipigwa redioni huzisikia akaendelea kumenya muhogo wake, lakini gitaa la Mbaraka likianza hutoka nje, na sisi tumejifunza kutomfuata.

Basi muda ukiwa mfinyu, na mshereheshaji akiwa amewaambia wazee wapewe robo saa yao, msitupe vipande sita. Tupeni nyimbo mbili nzima. Na mkitaka kujua wimbo gani usikatwe hata keki ikiwa inangoja, watazameni watu wanaonyanyuka magitaa yanapoanza tu, kabla hawajaitwa na mtu. Mzee aliyeitwa kwenye kipaza sauti anacheza kwa adabu, ili asimwangushe mwenyeji. Aliyejinyanyua mwenyewe kuna mahali anakwenda. Mwacheni afike, wala msimpelekee kipaza sauti aeleze, kwa sababu mbele za watu atasema “zamani kulikuwa na muziki” na kuketi. Wiki nyingine piteni nyumbani kwake, mkae kibarazani, mumuulize aliusikia wapi, alikuwa na nani, alivaa nini. Swali la viatu hasa huwa halikosi jibu.

Kijana wa harusi ile, najua utaisoma barua hii kwa sababu mjukuu wangu ameahidi kukufikishia. Nimeupata wimbo ulionitumia kwenye simu kuniomba radhi, na radhi umeipata siku ile ile. Nimeusikiliza wote, sehemu ya kwanza na ya pili zikiwa zimeungwa bila pengo, umesafishwa hata mkwaruzo haupo. Niliusikiliza nimesimama, peke yangu, sebuleni. Kwenye chemko nikafika pale, nikasita hatua moja, wimbo haukusita. Tukapishana, na sikuweza kuukamata tena hadi ukaisha.

Santuri yenyewe bado ninayo, ndani ya gamba lake, chini ya kitanda pamoja na gramafoni. Betri zinapatikana. Kinachokosekana ni sindano, maana duka lililokuwa likiziuza mjini siku hizi linauza vifuniko vya simu. Nyinyi mnazunguka na mnajua mahali pa kupata vitu vya namna hiyo. Yeyote kati yenu atakayekuja, na aje nayo.

Wasalaam,

Babu yenu, mstaafu wa reli,
Mji Mpya, Morogoro.