Sanamu za Lugalo haziwadhihaki marehemu wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Mafinga, ambaye wiki mbili zilizopita aliandika kwamba watu wazima wanaounda majeshi ya sanamu ndogo na kuyapiganisha juu ya meza wanafanya utoto, na kwamba wanaothubutu kufanya hivyo kwa vita vya Wahehe wanawadhihaki waliokufa. Nimeisoma barua yake mara tatu. Hoja ya kwanza sitaihangaikia sana, maana wazee wetu hucheza bao barazani mchana kutwa, huteka kete, huilinda nyumba na kubishania mtaji, na hakuna aliyewahi kuwaita watoto. Hoja ya pili ni nzito na imenigusa, kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nimezaliwa Kalenga, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiliunda kwa mikono yangu jeshi la Lugalo, pale Wahehe walipopambana na safu ya Wajerumani mwaka 1891.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, niseme kwa kifupi kwamba kila sanamu ya mtu ina urefu wa milimita 28 hivi na husimamishwa juu ya kitako chake, meza hupangwa vilima, mito na vichaka, wachezaji wawili husogeza vikosi vyao kwa zamu wakipima umbali kwa rula, na athari ya risasi au mkuki huamuliwa kwa kurusha dadu, kwa kufuata kanuni zilizoandikwa na kukubaliwa na pande zote mbili. Chimbuko lake halikuwa duka la vitu vya watoto. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia (dola la Kijerumani la zamani), Georg von Reisswitz, aliuwasilisha mbele ya mkuu wa majeshi mchezo wa vita wa kuchezwa kwa vipande juu ya ramani, ambao baba yake ndiye aliyekuwa ameuanzisha, na jeshi likausambaza katika vikosi ili maofisa wajizoeze kuamua kabla ya kupoteza watu. Kwa hiyo jeshi ambalo baadaye lilituletea maofisa wake lilikuwa likijifunza vita mezani kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya Lugalo, na sioni kwa nini sisi, wajukuu wa waliopambana nao, tuone aibu kukaa kwenye meza hiyo kuisoma siku yetu wenyewe.

Siku yenyewe ni tarehe 17 Agosti 1891. Ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa akiingiza Uhehe safu ya Wajerumani wasiozidi 15, askari wapatao 320 na wapagazi wapatao 170, pamoja na mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wanaokadiriwa kuwa 3,000, walikuwa wamejificha kando ya njia pale Lugalo, mahali ambapo leo unapita ukienda Morogoro kwa barabara kuu. Sisi sote tulifundishwa shuleni, na mimi mwenyewe nilifundisha kwa zaidi ya miaka 30, kwamba siku hiyo Wahehe waliwapiga Wajerumani. Nilikuwa nikilitamka neno “Wajerumani” bila kulichunguza, hadi nilipoketi na karatasi kuhesabu sanamu nitakazohitaji.

Niliamua kwamba sanamu moja isimame badala ya watu 20. Wahehe wakawa 150, askari wakawa 16, wapagazi wakawa nane na nusu, nami nikaunda tisa. Nilipofika kwa Wajerumani, hesabu iligoma, kwa kuwa idadi yao yote haikutimiza hata sanamu moja. Ilinibidi nimpe Zelewski kitako chake kwa upendeleo tu, ili mchezaji apate amiri wa kumsogeza. Naomba msomaji wa Mafinga alitafakari jambo hilo. Safu tunayoiita ya Wajerumani, ukiipanga mezani kwa uwiano wa haki, ni ya Waafrika karibu yote: Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889, wanaume walioletwa kutoka Msumbiji, watu wa pwani, na wapagazi ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Mkwawa. Vitabu vilinipa tarakimu hizi miaka mingi iliyopita, lakini sikuziona mpaka nilipozipaka rangi moja moja.

Mwaka jana niliipeleka meza hii katika shule moja ya sekondari hapa mkoani. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu Mkwawa, silaha na idadi ya waliokufa. Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa amesimama upande wa mwisho wa safu, aliinama mpaka macho yake yakawa usawa wa meza, akakigusa kwa ncha ya kidole kitako cha mpagazi mwenye kasha kichwani, kisha akauliza, “Shikamoo mwalimu, samahani, hawa wenye mizigo wako upande gani?” Darasa zima lilinyamaza. Katika kanuni zangu za wakati ule wapagazi walikuwa upande wa Zelewski, wakihesabiwa kama punda na makasha. Niliporudi nyumbani nilizibadilisha: sasa kila zamu mapigano yanapoanza, dadu hurushwa kwa ajili yao peke yao, nao wanaweza kutupa mizigo na kukimbilia vichakani, jambo ambalo huivuruga safu kuliko mikuki yenyewe. Mabadiliko hayo yote yametokana na swali la mtoto yule, na katika miaka yangu yote ya kuandika ubaoni sikuwahi kuulizwa swali kama hilo.

Mchezo wenyewe ni mfupi, kama yalivyokuwa mapigano. Safu husogea sentimita 15 kwa zamu, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, mizinga na bombomu zikiwa zimefungwa kama mizigo ya safari. Mwanzoni Wahehe hawaonekani mezani. Mahali pao nimeweka mawe madogo, na baadhi ya mawe hayana mtu nyuma yake. Husimuliwa kwamba shambulio lilianza mapema kuliko ilivyopangwa, baada ya ofisa mmoja kumfyatulia ndege risasi na waliojificha kudhani kuwa ndiyo ishara, kwa hiyo kila zamu dadu huamua kama mlio huo utasikika. Bunduki za askari zilikuwa Mauser za mwaka 1871, za risasi moja moja, zenye kutoa moshi mzito, nami huuonyesha moshi huo kwa pamba ninayoibandua kidogo kidogo kutoka kwenye fungu. Kwa kawaida askari hupata nafasi ya kupiga mara moja, mara chache mbili, kisha Wahehe wamefika, na bombomu hazijafunguliwa. Kikosi cha nyuma peke yake, kilichokuwa na Luteni von Tettenborn, ndicho hufika kilimani na kujikusanya, kama ilivyotokea kweli.

Nimeuchezesha kwa vijana mara nyingi, na wale wanaotanguliza watu wachache mbele ya safu kupeleleza njia hupona karibu kila mara. Zelewski hakufanya hivyo ipasavyo, akalipa kwa maisha yake na ya mamia ya watu waliomfuata. Kijana aliyeisogeza safu hiyo kwa mkono wake hahitaji kuambiwa na mwalimu kwamba bunduki bora haina kazi ikiwa mwenye nayo haoni anakokwenda. Vilevile hawezi tena kusema kwamba Wahehe walishinda kwa wingi tu au kwa dawa, kwa maana amejionea ilivyo kazi ngumu kuwaficha watu wengi kiasi kile kando ya njia, wakatulia, wakasubiri.

Sasa niseme jambo linaloniudhi mimi mwenyewe katika mchezo huu, maana sitaki ionekane kwamba nautetea kwa upofu. Sanamu nyingi za wapiganaji wa Kiafrika zinazouzwa ng'ambo ni za Wazulu wa vita vya mwaka 1879, na wachezaji wengi huzinunua, huzibadilisha rangi ya ngao, kisha huziita Wahehe. Mhehe si Mzulu. Mzulu aliyeoa alivaa pete kichwani na kupangwa katika kikosi cha rika lake. Kumvika mtu wa Uhehe mavazi hayo ni sawa na kumpeleka Mnyakyusa kwenye picha ya Mmasai. Ndiyo sababu naunda sanamu zangu mwenyewe. Mifupa yake ni waya laini wa kufungia nondo, mwili ni vumbi la mbao lililokandwa na gundi ya seremala, shuka ni karatasi nyembamba iliyoloweshwa gundi, na ngao naikata kutoka boksi la maziwa, naikunja kidogo kwa kucha ili ipate mgongo kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka juani. Kwanza napaka rangi nyeusi mwili mzima, naiacha ikauke usiku kucha, halafu napandisha rangi ya ngozi na ya nguo tabaka kwa tabaka, nikiuacha weusi ule ubaki kwenye mikunjo kama kivuli. Sanamu moja hunichukua jioni mbili. Vijana wanaotaka kuiga nawasihi wasiyeyushe madini ya risasi ya betri kuukuu za magari ili kuyamimina kwenye kalibu, kama nilivyosikia wengine wakifanya. Mvuke na vumbi lake ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto, na waya na gundi zinatosha kabisa.

Kuhusu dhihaka, nakubaliana na ndugu yangu wa Mafinga katika jambo moja. Yapo mambo yasiyostahili kuwekwa mezani. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, Mkwawa alijiua ili asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na gavana Edward Twining, na leo linatunzwa katika makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu. Siku ya kifo chake sitaiundia sanamu, wala sitamruhusu mtu kuirushia dadu. Lakini Lugalo ni jambo la watu waliopanga, wakatenda, na kugharimika. Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile, na husimuliwa kwamba Mkwawa alikataza maombolezo ili hasara isijulikane. Katika meza yangu kila sanamu ya Mhehe inayoanguka hulazwa mahali ilipoangukia na haiondolewi mpaka mwisho, na vijana huwa wa kwanza kuziona zilivyojaa kwenye njia. Kama hiyo ni dhihaka, basi naomba nionyeshwe heshima inayoifanya hasara yao ionekane zaidi.

Kazi ninayoishughulikia sasa ni Kalenga, na inanipa tabu zaidi. Boma la Mkwawa lilianguka tarehe 30 Oktoba 1894 mbele ya majeshi ya gavana wa Kijerumani von Schele yenye mizinga, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini karibu miaka minne. Vita vya namna hiyo havitoshi kwenye meza moja wala alasiri moja, maana silaha iliyowachosha watu ilikuwa njaa, mashamba yaliyochomwa na jamaa waliohamishwa. Nimeanza kuviandika kwa karata za misimu, ambapo kila msimu mchezaji wa upande wa Mkwawa huulizwa kwanza watu wake watakula nini, ndipo aulizwe kama atapigana.

Ombi langu kwa wakuu wa shule za Iringa, Kilolo na Mufindi, na kwa wasimamizi wa makumbusho ya Kalenga na ya Boma hapa mjini, ni kwamba mwezi Agosti, karibu na tarehe 17, waipe meza hii nafasi. Ina futi sita kwa nne, hukunjwa katikati na huingia kwenye bajaji, na sanamu zote hukaa katika masanduku mawili ya soda niliyoyawekea godoro. Sihitaji malipo. Nahitaji chumba kimoja, madawati manne ya kuunganisha, na vipindi viwili mfululizo, kwa sababu wapagazi huchukua muda kuwapanga.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa.